Fundi Ubora Juu ya Bati Lake

Mtu akishanunua televisheni hujiona fundi. Ndivyo tulivyo, wala tusibishane. Picha ikianza kuganda na kukatika vimraba, mwenye nyumba hamwiti mtu. Anapanda mwenyewe juu ya bati na kandambili zake, anaisukuma antena huku na kule, anaifungia mfuniko wa sufuria kwa waya, anashuka na kukuta picha mbaya kuliko aliyoiacha. Kisha anakuja shemeji yake, naye anapanda. Mpaka bati litoboke na mvua ianze kudondokea kitandani, ndipo watu wanakumbuka kwamba mtaani kuna mtu anaitwa Ubora.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kazini kwa ubishi wake mwenyewe. King'amuzi chochote, ukiingia panapohusika kwa rimoti, kinakuonyesha mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora wake. Watu wakiona mstari wa nguvu umejaa wanaanza kushangilia, halafu wanashangaa mbona picha hakuna. Hapo fundi alikuwa anakuna kidevu na kuanza hotuba. "Nguvu achana nayo, mama. Tunatafuta ubora. Hiyo busta uliyouziwa inapaza kila kitu, pamoja na makelele. Ichomoe." Mwenye busta alikuwa ananuna, maana alishajitapa nayo kwa majirani. Lakini busta ikichomolewa, antena ikainuliwa ipite kichwa cha ghorofa la jirani, ikaelekezwa mnarani, na mbavu zake zikalazwa inavyotakiwa, picha inatulia tuli na fundi anasamehewa hotuba yake.

Ugumu wa kazi ile haupo juu ya bati. Upo chini, kwa mtu anayeitazama televisheni. Fundi akiwa juu haoni kitu. Macho yake ni huyo wa ndani, na huyo wa ndani kwa kawaida ni balaa. "Imekuja! Imeenda! Rudisha! Siyo huko, kule!" Kule wapi, hasemi. Enzi za chenga angalau picha ilikuwa inakuja taratibu, unamwona mtangazaji anatokea kama mtu anayetoka kwenye moshi. Dijitali haina huruma hiyo. Ama ipo ama haipo, na king'amuzi kinahitaji muda kidogo kila unapogusa bomba la antena. Kwa hiyo fundi anazungusha kidogo, anatoa mkono, anasubiri. Nani ndani ya nyumba ana subira ya kusubiri naye?

Mmoja alikuwa nayo. Ubora alimpatia saluni, zamani, alipoitwa kufunga antena ili wateja wapate cha kutazama wakisukwa. Wanawake sita walikuwa wanampigia kelele kutoka kwenye viti, kila mmoja na lake, mmoja akiwa na kichwa kilichofungwa taulo ametoka mpaka nje kumwelekeza kwa kidole. Fundi alikaribia kushuka aondoke zake. Ghafla akasikia sauti ya msichana ikisema ndani, "Jamani, hebu nyamazeni wote! Mnamchanganya mwenzenu." Kukawa kimya. Akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Alipofika panapostahili, ile sauti ikatoka dirishani neno moja tu: "Hapo!"

Alishuka ngazi akiwa ameshakwisha. Msichana alikuwa na povu la shampuu mpaka viwikoni na hakuwa hata na muda wa kumtazama. "Dada, nani kakufundisha kazi hii?" fundi akamuuliza. "Kazi gani? Kunyamaza?" akajibu yule msusi. "Ukiona mtu hajakuitikia si ujue bado, uendelee?" Mama mwenye saluni akacheka, akasema huyu kaja kufunga antena anataka kuondoka na mfanyakazi wangu. Na kweli aliondoka naye, mwaka haujaisha.

Ile ya saluni ikawa sheria yao. Jumamosi ambazo msusi hakuwa na wateja walikuwa wanakwenda kazini pamoja, yeye chini, mumewe juu. Kimya maana yake bado, endelea. Sauti maana yake simama, kaza nati. Walifunga antena mitaa mingi kwa utaratibu huo bila kupandishiana sauti hata siku moja, na ukimuuliza Ubora atakwambia hakujua kama watu wanaweza kuelewana hivyo.

Kisha akazaliwa binti, na binti hakujua kunyamaza. Alianza kusema kabla hajatembea vizuri. Jina lake la cheti lilisahaulika mapema. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, na wazazi wake wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, kama ilivyo kawaida yetu, mtu akishapata mtoto jina lake anaazima kwa mtoto. Chiriku alijipachika kwenye kazi ya mama yake na kuivunja sheria kuanzia siku ya kwanza. Baba akiwa juu ya bati la nyumbani anajaribu king'amuzi kipya, mama amenyamaza kama inavyotakiwa, mtoto anatangaza. "Baba, mtangazaji hana kidevu! Baba, kidevu kimerudi, sasa hana macho! Baba, wachezaji wamegandiana, kuna mmoja ana miguu mitatu!" Ubora alikuwa anacheka mpaka anashikilia bomba asianguke.

Chiriku alikuwa darasa la nne alipougua. Homa ilianza kama homa zote, dawa akapewa, akapata nafuu, akala, akaongea. Siku iliyofuata mchana akabadilika. Ubora akamweka mgongoni, akatoka naye mbio kwenda hospitali, kwa kuwa njia ya kwao haipiti gari. Mama akabaki nyuma kufunga mlango na kuchukua kanga na nguo za kubadilisha. Mama alipofika hospitali, mtoto alikuwa amelazwa na mpira puani na hakuwa anasema tena. Hakusema tena. Wakamzika kesho yake.

Sasa, watu wanahuzunika kwa namna zao na mimi sitamhukumu mtu. Lakini Ubora alichofanya hakikuwa kizuri. Alirudi kazini matanga hayajapoa. Akawa anatoka asubuhi na ngazi yake begani, anapanda mabati ya watu, anarudi jioni amechoka, anakula, analala akiugeukia ukuta. Jina la mtoto hakulitaja. Na kwa kuwa jina la mkewe lilikuwa ndani ya jina la mtoto, naye akakosa jina. Majirani walikuwa wanababaika: wakimwita Mama Chiriku wanaona kama wanamchoma, wakimwita vingine hawajui vipi. Mumewe ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Alikuwa anamwita "we," au "sikia," au anakohoa tu mlangoni kumjulisha kwamba amerudi. Mkewe aliendelea kumwita Baba Chiriku kwa muda, mpaka jioni moja akamwambia, bila kugeuka, "Niite fundi, kama wengine."

Kulikuwa na jambo moja mkewe alikuwa analitaka, moja tu, na alilitaka kuliko chakula. Alitaka kujua mtoto alisema nini njiani. Mtoto yule alikuwa na maneno hata akiwa usingizini. Haiwezekani alibebwa mgongoni mpaka hospitali bila kusema kitu. Na kama alisema, aliyesikia ni mmoja.

"Alisema nini njiani?" alikuwa anamuuliza, taa ikishazimwa.

"Tusianze," Ubora alikuwa anajibu.

Hakuwa anamfanyia ukatili kwa makusudi. Alikuwa na neno hilo kifuani na alihofia kwamba akilifungulia mdomo atafunguka mzima, na hajui nani atamfunga. Lakini mkewe hakuwa anayaona ya kifuani. Alikuwa anaona mgongo.

Antena ya nyumbani kwao iliinamishwa na upepo mwaka ule ule wa msiba. Televisheni ikawa inaonyesha kioo cheusi na maandishi ya kwamba hakuna mawimbi. Majirani walikuwa wanatania: fundi antena gani huyu, kwake giza. Mkewe hakutania. Alimwambia, "Hebu rekebisha hiyo antena. Nyumba imekuwa kimya mno, nisikie hata watu wanaongea." Ubora akasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, ukafuata mwingine. Alipanda juu ya kila bati la mtaa ule, la kwake hakulipanda. Mwenyewe alijua kwa nini. Juu ya bati lile, kule chini ilikuwa ni sauti ya mtu mmoja tu, binti yake, na alijua kwamba haitatoka.

Basi mwanamke yule akawa anakwenda saluni, anasuka watu bila kusema, anarudi, anakaa mbele ya kioo cheusi. Alikonda. Dada yake mkubwa alikuja kumtazama, akakaa siku mbili, na ya pili akamsubiri Ubora nje ya mlango.

"Shemeji," akamwambia, "mimi sikuja kugombana. Mwenzako anaisha. Nina chumba kipo wazi. Jumamosi anakuja kwangu, na safari hii haji kutembea."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Muulize. Si mkeo?"

Ubora hakumuuliza. Maskini ya Mungu, alipigwa na woga ambao hakuwahi kuupata hata kwenye mabati yaliyooza, na kwenye woga wake akashika kitu pekee alichokuwa anakijua. Aliamua atatengeneza antena. Alijiambia mkewe anaondoka kwa sababu ya ule ukimya ndani, na dawa ya ukimya wa televisheni anayo yeye. Wiki nzima alikusanya vifaa kama mtu anayeandaa harusi: bomba refu zaidi, maana kiwanja cha pili walishapandisha ghorofa likaziba mnara, waya mpya mzima usio na kiungo njiani, antena yenye mbavu nyingi, nzito, aliyokuwa ameiweka akiba kwa mteja wa maana. Mteja wa maana sasa alikuwa mkewe.

Jumamosi ikafika. Mkewe aliamka mapema, akafagia, akaosha vyombo vyote, akavipanga. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Ubora aliliruka kwa miguu akiingiza bomba, kama vile halioni.

"Leo naondoka," mkewe akamwambia.

"Ngoja kwanza. Nakupandishia antena."

"Sitaki antena sasa."

"Utaona. Itakaa kama kioo. Wewe simama hapo kama zamani, mimi nipande." Alikuwa anasema harakaharaka, anafungua boksi la spana, anatafuta nati zilizokuwa mkononi mwake. "Nimeshakuwekea kwenye mistari. Tazama ule wa ubora."

Mkewe alikuja akasimama mbele yake. Alimshika mkono wenye nati. Muda mrefu ulikuwa umepita hawajashikana mikono.

"Kabla sijaondoka," akasema, "niambie alisema nini. Niambie tu hilo. Sitakuuliza lingine."

Fundi aliinua macho akayarudisha chini. "Nikishuka," akasema. "Nikishuka nitakwambia. Wallahi."

"Panda basi," mkewe akasema, na akauachia mkono.

Yeye akasikia ruhusa. Alipanda ngazi akiwa na moyo mwepesi, na hapo ndipo unapotaka kumkamata mtu kwa kola umrudishe chini.

Alifanya kazi safi. Aling'oa antena ya zamani, akakuta waya umeota kutu kwenye kiungo. Akasimamisha bomba jipya, akalifunga kwa vyuma viwili ukutani, akaligonga kwa nyundo mpaka likakaa. Akaupitisha waya, akauacha unepe kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka ndani. Kisha akashika bomba kwa mikono miwili, akaelekeza mnarani kwa macho, akapaza sauti.

"Vipi?"

Kimya. Bado, basi. Akazungusha kidogo kushoto, akasubiri. Kimya. Akazungusha tena. Alikuwa anaijua kazi hii, na kimya kile kilikuwa kinamfurahisha. Kilikuwa kimya cha saluni, cha mtu anayetazama mstari kwa makini na hataki kumchanganya mwenzake. Alikaribia kutabasamu. Akarudi kulia, polepole, akasubiri, akasubiri.

Jua lilikuwa limepanda na bati limeanza kuunguza. Ubora aliketi pembeni, mgongo kwenye bomba, miguu imening'inia upande wa uani, na kwa vile hamwoni mtu na mtu hamwoni, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Mama Chiriku," akaita.

Jina lenyewe lilimshtua. Akasikiliza. Chini kimya. Endelea.

"Mama Chiriku, nisikilize tu, usiseme kitu. Unajua kwa nini sikuipanda hii? Nikishika hili bomba namsikia. Nasikia kidevu, nasikia miguu mitatu. Nimekaa kwenye mabati ya watu kwa sababu kule hayupo. Humu ndani yupo kila mahali, na wewe una macho yake. Nikikutazama, ananitazama. Ndiyo maana nageukia ukuta. Siyo kwamba sikutaki. Hata siku moja sijawahi kutokukutaka."

Kimya. Akajifuta uso kwa mkono wenye kutu.

"Alisema kitu," akaendelea. "Tulipofika kwenye ile njia ya mawe, nilikuwa nakimbia huku nateleza, nikadhani amelala. Akaweka mdomo hapa sikioni. Akasema, 'Baba, usinizungushe, hapo hapo pazuri.' Nikacheka, Mama Chiriku. Mwanao anakufa mgongoni kwangu na mimi nacheka. Halafu akasema, 'Mwambie mama anywe chai, hajanywa.' Basi. Hayo ndiyo ya mwisho. Nilikuwa nimetumwa kwako na sijaufikisha ujumbe mpaka leo."

Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, juu ya bati lake mchana kweupe, na akahisi kifua kinafunguka na hakuna kilichovunjika. Alikaa hapo mpaka akapata pumzi. Hakuitwa, hakuulizwa, akaona mkewe anamwachia ayamalize. Alimpenda kwa hilo. Kisha akasimama, akarudisha antena palepale alipoielekeza mwanzo, maana mnara haukuwa umehama na mkono wake ulikuwa unaujua, akakaza nati zote.

Ngazi aliiteremka anakimbia. Ng'ambo ya njia, barazani kwake, kulikuwa na mama mshonaji, amesimamisha cherehani, nguo imebaki chini ya sindano. Alikuwa anamtazama.

"Jirani," mshonaji akamwita taratibu. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mama watoto."

Mshonaji alisimama akavuka njia. Alifika karibu kabisa kabla hajasema, kwa namna watu wanavyofanya wanapoleta habari.

"Mbona ameondoka kitambo? Ulipoanza tu kupiga nyundo. Alitoka na begi, akasimama hapo ulipo wewe, akakutazama juu. Ulikuwa umempa mgongo. Nikamwambia mwite basi umuage, akasema mwache, akiwa juu hawezi kunisikia."

Ubora aliingia ndani asiamini. Televisheni ilikuwa inawaka. Picha ilikuwa safi ajabu, hakuna kimraba, hakuna kuganda. Mwanamke mmoja alikuwa anaeleza habari za hali ya hewa na kila unywele wake unaonekana. Chini yake mistari yote miwili ilikuwa imejaa. Mbele ya televisheni hapakuwa na mtu. Chumbani, upande wa mkewe wa kabati ulikuwa mtupu, hanga tupu zimesogezwa pamoja pembeni.

Alikaa kitandani. Mshonaji alisimama mlangoni, hajui aingie au aondoke. "Mpigie," akamwambia. "Yote yale uliyoyasema kule, mpigie umwambie. Mimi nilisikia, Mungu anisamehe, sikutaka kusikia. Mpigie sasa hivi kabla hujafyata ulimi tena."

Simu ilikuwa kwenye boksi la spana. Ubora alipiga, akapokea dada mtu, akasema subiri. Ukapita muda, kisha mkewe akaja.

"Umeshuka?" akauliza.

"Nimeshuka."

"Picha imekaa?"

"Imekaa. Sikia... Mama Chiriku."

Upande wa pili pumzi ya mkewe ilisikika.

"Nilikwambia yote, kule juu. Nilidhani upo. Nilizungumza na wewe muda mrefu."

"Sikuwepo," mkewe akasema. "Sema sasa."

Na akasema. Haikutoka kama kule juu. Ilitoka mbiombio, bila kulia, kama mtu anayesoma mashtaka. Alisema njia ya mawe. Alisema mdomo sikioni. Alisema, "Alisema, 'Baba, usinizungushe, hapo hapo pazuri.'"

Mkewe akacheka. Fundi alimsikia vizuri kabisa, kicheko chake chenyewe, kile cha ujana, kimetoka bila kujizuia. Aliona kwamba ugomvi umekwisha, akafungua mdomo amwambie arudi, magari bado yapo barabarani, hata yeye anaweza kumfuata sasa hivi. Kisha akakumbuka kwamba hajamaliza. "Na alisema, 'Mwambie mama anywe chai, hajanywa.'"

Kicheko kilikatika hapo.

"Alinitaja?" mkewe akauliza.

"Alikutaja."

"Na hilo ulikuwa nalo siku zote."

"Nilikuwa nalo."

"Nilipokuwa nakuuliza gizani, ulikuwa nalo mdomoni."

"Nilikuwa nalo."

Mkewe alikuwa analia sasa, na alijitahidi asikatishwe na kilio, maana alitaka kusema maneno yake yakiwa mazima. "Mimi nilijua hakunikumbuka," akasema. "Nilijua alikufa anakuona wewe tu, kwa sababu mimi nilichelewa na nguo. Nimelala na hilo kila siku. Na wewe ulikuwa umelala pembeni yangu na neno langu. Halikuwa lako, fundi. Lilikuwa langu. Lile moja lingenitosha. Ningekaa nalo, na ningekaa na wewe."

Alimwita fundi. Ubora alisikia, na alitaka kumwambia asimwite hivyo, lakini ni yeye mwenyewe aliyekuwa ameagiza.

Simu ikachukuliwa na dada mtu. "Shemeji," akasema, wala hakusema kwa ubaya, "usipige tena kwa sasa. Akitaka atakupigia mwenyewe."

Ubora bado anafunga antena za watu. Hotuba ya nguvu na ubora ameiacha. Wateja wanamwambia amekuwa mpole, na wengine wanaipenda hivyo. Simu haiachi tena kwenye boksi la spana. Anapanda nayo, mfukoni mwa shati, upande wa juu, na akiwa katikati ya kazi mara nyingine anatoa mkono kwenye bomba na kuigusa. Mpaka leo mkewe hajapiga.